Matope ya Kirimara Yaliyosomwa Mara Mbili

Juu ya mji wa Meru, ndani ya msitu wa upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, kuna ziwa dogo la kreta ambalo ramani huliita Sacred Lake. Liko mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, kwenye mteremko wa mlima ambao Wameru huuita Kirimara. Kila mwaka msitu hudondosha majani, upepo huleta chavua na masizi ya moto wa nyika, mwani hufa majini, na vyote hutua chini polepole, tabaka juu ya tabaka. Mche wa matope uliotolewa humo ulipita urefu wa mita 16, na sehemu yake ya chini kabisa ina umri wa zaidi ya miaka 100,000.

Matope hayo yamesomwa mara mbili. Mara ya kwanza yalisomwa kwa hadubini, nayo yakatoa jibu lililoaminiwa kwa miaka thelathini. Mara ya pili yalisomwa kwa kutenganisha vitu ambavyo wanakemia wa mwanzo wa karne ya 20 walidhani haviwezi kutenganishwa, na jibu la kwanza likaonekana kuwa na upungufu. Ujuzi wa usomaji huo wa pili haukuzaliwa mlimani. Ulizaliwa katika maabara zenye baridi kali za Berlin, Washington na Harwell, mikononi mwa watu ambao hawakuwa na ziwa lolote la Afrika akilini.

Aliyesoma mara ya kwanza alikuwa mtaalamu wa chavua J. A. Coetzee, wa Bloemfontein, Afrika Kusini. Katika maandiko yake ya mwaka 1964 na 1967 alionyesha kwamba wakati wa enzi ya mwisho ya barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, ziwa hilo halikuzungukwa na msitu mnene tunaouona leo. Mimea ya juu, ile ya baridi na ya nyasi, ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya mita 1,000. Coetzee alifanya hesabu iliyoonekana sahihi: kila ukipanda mlima hewa hupoa kwa kiwango kinachojulikana, kwa hiyo ukijua mpaka wa miti ulishuka mita ngapi, unajua joto lilipungua nyuzi ngapi. Mpaka wa juu wa miti ukawa kipimajoto cha Afrika ya kale, na vitabu vikaukubali.

Kazi ya Coetzee ilikuwa kubwa, na ramani yake ya mimea ya kale haijabomoka. Kilichokuja kutiliwa shaka ni sababu aliyoitoa. Mti hauishi kwa joto peke yake. Hula hewa ya ukaa, na kuanzia miaka ya 1980 viputo vya hewa vilivyonaswa katika barafu ya Antaktika vilithibitisha kwamba katika enzi ya barafu hewa hiyo ilikuwa chini ya sehemu 200 kwa milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280, na leo imepita 420. Katika mwinuko wa Sacred Lake, ambako hewa yenyewe ni nyepesi, mti wa wakati ule ulikuwa ukipata hewa hiyo kwa uchache hata kuliko hapo. Je, msitu ulishuka kwa kukimbia baridi, au kwa njaa?

Chavua haikuweza kujibu. Chavua za nyasi hufanana mno chini ya hadubini: nyasi ya baridi ya kileleni na nyasi ya joto ya mbuga huacha punje ambazo hata jicho zoefu halizitofautishi. Alihitajika shahidi kutoka ndani ya jani lenyewe.

Mwaka 1913 Mwingereza Frederick Soddy aliwapa jina la isotopu ndugu wa elementi moja wanaotofautiana kwa uzito tu. Karibu wakati huohuo J. J. Thomson, huko Cambridge, aliona kwamba gesi ya neoni ina chembe za uzito wa 20 na nyingine za uzito wa 22. Msaidizi wake Francis Aston akajenga chombo cha kuzipima, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1922. Kupima kuliwezekana. Kutenganisha ndiko kulikosumbua, kwa sababu kemia hutenganisha vitu kwa tabia zao, na isotopu zina tabia karibu moja. Asidi haizibagui, moto hauzibagui.

Baridi ndiyo iliyoanza kuzibagua. Mwaka 1931 Ferdinand Brickwedde, huko Washington, aliiacha haidrojeni ya kimiminika ivukize polepole kwenye nyuzi zaidi ya 250 chini ya sifuri, mpaka ikabaki kidogo tu. Harold Urey na George Murphy wakakichunguza kile kilichobaki kwa mwanga, wakaona mstari hafifu wa haidrojeni yenye uzito maradufu. Hiyo ni deuteri, ambayo katika maji ya kawaida hupatikana chembe moja hivi kwa kila chembe 6,400 za haidrojeni. Haidrojeni nyepesi ilikuwa imetangulia kuvukiza, nzito ikachelewa. Urey alipata Nobel mwaka 1934.

Miaka miwili kabla ya deuteri, jambo la ajabu zaidi lilikuwa limetokea Berlin. Hata haidrojeni iliyo nyepesi yote, isiyo na tofauti yoyote ya uzito, ni gesi mbili. Molekuli ya haidrojeni ina viini viwili, na kila kiini kina mzunguko wake wa ndani, yaani spini. Viini vikielekea upande mmoja, molekuli huitwa ortho, na vikipingana huitwa para. Werner Heisenberg alikuwa ameliona hilo kwa hesabu mwaka 1927, na Nobel yake ya 1932 ilitaja kwa maneno kugunduliwa kwa sura hizo mbili za haidrojeni. Mwaka 1929 Karl Friedrich Bonhoeffer na Paul Harteck walipitisha haidrojeni juu ya makaa yaliyopozwa kwa haidrojeni ya kimiminika, wakatoa para iliyo karibu safi. Katika joto la chumba kuna ortho tatu kwa kila para moja. Katika baridi ile karibu zote hugeuka kuwa para, na bila makaa mgeuko huo ni wa polepole sana.

Hadi hapo baridi ilikuwa imegeuza na kuchuja. Kutenganisha gesi hizi bila kuzigeuza, kila moja itoke mlangoni kwa zamu yake, kulihitaji ufundi mwingine, nao ulikuwa umeanza kwa jani. Mwaka 1903, huko Warszawa, mtaalamu wa mimea Mikhail Tswett alimimina rangi za majani juu ya neli iliyojaa unga wa chokaa, akaziona zikijipanga kwa mistari ya kijani na manjano. Aliuita ufundi huo kromatografia. Ulipuuzwa kwa miaka mingi. Archer Martin na Richard Synge waliupa sura mpya mwaka 1941, na mwaka 1952 Martin, pamoja na Anthony James, akaufanyia kazi kwa gesi na mivuke.

Siri yake ni kurudia tofauti ndogo mara nyingi. Chukua matatu mbili zinazoondoka Meru pamoja kuelekea Embu kwa mwendo sawa, moja ikiwa na desturi ya kukaa kila steji muda mfupi zaidi ya mwenzake. Nkubu hutaona tofauti. Chogoria utaiona kidogo, Chuka zaidi, na mpaka Runyenjes ipite, ya kwanza itakuwa imeshusha abiria Embu kabla ya pili kuonekana. Ndani ya neli kila molekuli hunata kwenye uso wa unga, ikajibandua, ikanata tena, maelfu kwa maelfu ya mara, na ile inayonata kwa nguvu kidogo zaidi huchelewa kutoka.

Eugen Glueckauf, mkimbizi wa Ujerumani ya Hitler aliyefanya kazi Harwell nchini Uingereza, alionyesha mwaka 1949 pamoja na wenzake kwamba neoni zile mbili za Thomson zinaweza kutenganishwa kwa safu ya makaa yaliyopozwa. Mwaka 1958 Moore na Ward, Wamarekani, walitumia neli ya alumina iliyozamishwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, wakazitoa para na ortho moja baada ya nyingine. Para ilitoka kwanza. Deuteri, ikipitishwa katika safu ya namna hiyo, huchelewa kuliko zote.

Kwa nini baridi iwe lazima? Kanuni za kwanta haziruhusu chembe kutulia kabisa, hata joto likikaribia kuisha. Chembe nyepesi hutikisika zaidi, kwa hiyo uso wa alumina huishika kwa ulegevu. Nzito hutikisika kidogo, ikashikwa sawasawa. Ortho nayo haiwezi kuacha kujipindua hata kwenye baridi, na uso huweza kuuelekeza mzunguko huo na kuishika zaidi kidogo ya para. Tofauti hizi ni ndogo sana, na katika joto la kawaida vurugu ya molekuli huzifunika. Ukiliondoa joto, zinajitokeza. Kwa maoni yangu huu ni mmoja wa ushahidi safi kabisa wa nadharia ya kwanta: kalamu ya mashine inachora vilima viwili kwenye karatasi, na tofauti pekee kati ya gesi hizo mbili ni namna viini vyao vinavyoelekea.

Kutoka alumina hiyo hadi matope ya Meru bado kulikuwa na safari. Huko Glasgow, Geoffrey Eglinton alikuwa akichunguza nta inayofunika majani, ile inayofanya tone la mvua liteleze juu ya jani la kabichi. Mwaka 1967 yeye na Hamilton walieleza kwamba nta hiyo ina minyororo mirefu ya kaboni, mingi ikiwa na hesabu isiyogawanyika kwa mbili, 27, 29, 31, ambayo mwani hautengenezi kwa wingi. Jani huoza lakini nta hudumu, hata kwa makumi ya maelfu ya miaka ndani ya matope.

Wakati huohuo, huko Brisbane, Hatch na Slack walikuwa wamegundua kwamba mimea hula hewa ya ukaa kwa njia mbili. Miti karibu yote, pamoja na chai, kahawa, miraa, maharagwe na viazi, hutumia njia ya kale. Mahindi, mtama, wimbi, miwa na nyasi nyingi za mbuga zina pampu ya ndani inayokusanya hewa hiyo kabla ya kuitumia, kwa hiyo hazidhuriki sana inapoadimika. Mimea ya njia ya kale huibagua sana kaboni nzito, kaboni-13, ambayo ni kama asilimia 1.1 ya kaboni yote. Hupungukiwa nayo kwa takriban sehemu 27 kwa elfu chini ya kipimo cha kimataifa. Mimea yenye pampu hupungukiwa kwa sehemu 13 hivi tu. Mkulima wa Igembe mwenye miraa na mahindi katika shamba moja ana alama zote mbili, umbali wa hatua chache.

Shahidi sasa alikuwepo. Kilichokosekana ni chombo cha kumhoji, yaani kutenga mnyororo mmoja wa nta kati ya mamia ya vitu vya matope na kupima kaboni-13 yake peke yake. John Hayes wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na Matthews, walieleza njia mwaka 1978. Mchanganyiko huingizwa katika neli nyembamba ya makumi ya mita, ndani ya tanuri linalopashwa moto taratibu, ukisukumwa na gesi ya heliamu. Kila mnyororo hutoka kwa zamu, huchomwa papo hapo kuwa hewa ya ukaa, maji huondolewa, na spektromita hupima molekuli za uzito wa 44, 45 na 46.

Hapa ujuzi wa Glueckauf na wenzake ulirudi kwa sura ya kinyume. Hayes aliona kwamba hata katika tanuri la moto neli huzitenganisha isotopu kidogo, ila kwa mpangilio uliogeuka. Katika baridi nzito huchelewa, na katika moto huu molekuli zenye kaboni-13 hutangulia kidogo. Mwanzo wa kilima kimoja huwa mzito, mkia wake mwepesi. Mchunguzi akikata kilima katikati atapata jibu la uongo kabisa, kwa hiyo lazima akikusanye chote, tangu chembe ya kwanza hadi ya mwisho. Kile ambacho huko Harwell kilikuwa lengo la kazi, kwa wasomaji wa nta kikawa mtego wa kuepukwa.

Mwaka 1997 jarida la Science lilichapisha matokeo ya matope ya Mlima Kenya na Mlima Elgon. Aliyeongoza alikuwa Alayne Street-Perrott. Miongoni mwa wenzake walikuwemo Yongsong Huang, Eglinton mwenyewe, na Daniel Olago, mwanajiolojia Mkenya wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye alikuwa ameuchunguza mche wa Sacred Lake kwa miaka. Walikuta kwamba kaboni ya matope ya enzi ya barafu ilikuwa nzito kuliko ya leo kwa sehemu 10 hadi 14 kwa elfu. Nta ilisema ni nani aliyehusika: nyasi zenye pampu, zile za jamaa ya mtama na mahindi, zikisaidiwa na mwani wa majini ambao nao una namna yake ya kukusanya hewa ya ukaa.

Jambo hilo linashangaza hata leo. Nyasi za namna hiyo ni za nchi ya joto, na kwa kawaida huzikuti kwa wingi kwenye miinuko yenye baridi. Zilikuwa pale juu ya Meru wakati wa baridi kuu kwa sababu zilistahimili uhaba wa hewa ya ukaa kuliko miti. Michael Wooller na wenzake, waliochunguza vipande vya nyasi vilivyoungua vikabaki katika matope ya maziwa ya mlima huo, waliongeza ushahidi wa jicho, maana ngozi ya nyasi, tofauti na chavua yake, hutambulika. Hitimisho la 1997 lilikuwa wazi: hewa ya ukaa ilichangia kuushusha msitu, pamoja na hali ya hewa, na mpaka wa miti usitumike tena kama kipimajoto. Kipimo cha Coetzee kikawa kimevunjwa, na hakukuwa na kingine cha kushika nafasi yake.

Juu zaidi, kwenye njia ya Chogoria ya kupandia mlima, kuna vidimbwi vya Hall Tarns, na karibu na kilele kuna kidimbwi kingine kiitwacho Simba Tarn. Humo huishi diatomu, mwani wenye ganda la kioo. Philip Barker na wenzake waliitoa oksijeni ya maganda hayo kwa kemikali kali ya florini na kupima oksijeni-18. Mwaka 2001 walitangaza mabadiliko ya ghafla yanayofika sehemu 18 kwa elfu katika miaka 14,000. Walitoa hoja kwamba kipimo hicho hufuata zaidi maji kuliko joto: mvua kubwa huleta maji mepesi, ukame huvukiza mepesi na kuacha mazito. Walisoma vipindi vinne vya mvua nzito: kati ya miaka 11,100 na 8,600 iliyopita, kati ya 6,700 na 5,600, kati ya 2,900 na 1,900, na tangu miaka 1,300 iliyopita.

Barafu yenyewe ya mlima isingeweza kusimulia hayo. Stefan Hastenrath na Lonnie Thompson walichunguza miche ya barafu ya Lewis iliyochimbwa mwaka 1978, wakakuta maji ya kuyeyuka yameshapenya na kuvuruga alama za isotopu. Tangu 1934 hadi 2010 barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Kwa Mlima Kenya, kumbukumbu iliyobaki ni matope. Mwaka 2014 Bronwen Konecky, akiwa na Huang na Street-Perrott, alirudi kwa nta ya Sacred Lake, safari hii akipima ndani yake ile deuteri ya Urey, ili kufuatilia mvua ya mlima katika miaka 2,000 hii ya karibuni.

Upande wa Embu alama zilezile za kaboni-13 ziko katika udongo wa shamba. Majaribio ya rutuba yaliyoanza mwaka 2002 katika udongo mwekundu wa Embu na udongo wa kichanga wa Machanga, kule Mbeere, yalitia ardhini majani ya tithonia, lile ua la manjano la kando ya barabara, majani ya kaliandra, mabua ya mahindi, unga wa mbao na samadi, kwa kiasi cha tani 1.2 au 4 za kaboni kwa hekta kwa mwaka. Tithonia na kaliandra ni za njia ya kale, mahindi ni ya pampu. Asili imekwisha kuzitia alama kaboni zao kabla mtu hajashika jembe, na tofauti ileile inayosomwa katika nta ya ziwa husomeka katika udongo ulioacha kuwa msitu ukawa shamba la mahindi.

Kipimajoto kipya kilipatikana Rutundu, ziwa jingine la upande wa Meru, karibu mita 3,080 juu. Shannon Loomis na wenzake hawakutumia miti wala kaboni-13. Walitumia mafuta ya bakteria, ambayo umbo lake hubadilika kufuata joto, wakayatenga moja moja kwa kromatografia ya kimiminika. Rekodi yao ya miaka 25,000 ilitoka mwaka 2017. Ilionyesha kwamba mlima ulipoa kweli, na ulipoa zaidi kadiri ulivyopanda: tofauti ya joto kati ya chini na juu ilikuwa kali kuliko ya leo. Kumbe Coetzee alikuwa sahihi kuhusu baridi, ila hesabu yake ilidhani kwamba hewa ya kale ilipoa kwa kila mita kama inavyopoa sasa. Kinyume chake ndicho kinachotarajiwa karne hii: dunia ikizidi kupata joto, tofauti hiyo itapungua, na sehemu za juu za mlima, zinakoanzia mito ya Meru na Embu, zitapata joto haraka kuliko mashamba ya chini.